Namba ya Njano, Herufi Nne au Msimbo wa Kiwandani: Uchague Alama Zipi kwa Modeli ya Ndege ya Luftwaffe?

Umefungua boksi la modeli. Ndani mna fremu za plastiki na karatasi ya stika za maji yenye ndege tatu au nne tofauti. Moja ina namba kubwa ya njano ubavuni. Nyingine ina herufi na tarakimu zilizotenganishwa na msalaba. Ya tatu ina herufi nne nyeusi tu na haina nembo yoyote. Hapo wengi hukwama, kisha huchagua ile inayong'aa zaidi, na baadaye hugundua kwamba rubani waliyemsimamisha kando ya ndege ana cheo kisichoendana na alama za ndege yake.

Alama za ndege za Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, za miaka ya 1939 hadi 1945 zilikuwa anwani. Rangi ya namba, mstari ulio nyuma ya msalaba na herufi ya mwisho vilisema ndege ni ya nani, inalala wapi na inatumwa na nani. Ukikosea kipande kimoja, anwani nzima inaelekeza mahali ambapo hapakuwepo. Kwa hiyo jiulize kwanza ni mfumo upi wa alama unaoweza kuusoma mwanzo hadi mwisho na kuuthibitisha kwa picha. Uzuri wa ndege uje baadaye.

Mambo ya kujua kabla ya kulinganisha

Kitengo kikubwa cha ndege kiliitwa Geschwader, chenye ndege takriban 90 hadi 120. Ndani yake mlikuwa na Gruppe tatu, baadaye mara nyingi nne. Kila Gruppe ilikuwa na Staffel tatu, na kila Staffel ilikuwa na ndege 9 hadi 12 hivi. Gruppe huandikwa kwa namba za Kirumi na Staffel kwa tarakimu za kawaida. II./JG 26 ni Gruppe ya pili ya JG 26, na 6./JG 26 ni Staffel ya sita ya JG hiyohiyo. JG ni kikosi cha ndege za kivita za mchana, KG ni cha ndege za mabomu, NJG ni cha ndege za kivita za usiku.

Staffel zilihesabiwa mfululizo. Ya 1 hadi ya 3 ni za Gruppe ya I, ya 4 hadi ya 6 ni za II, ya 7 hadi ya 9 ni za III. Ukisikia "Staffel ya 8" unajua papo hapo kuwa ni ya Gruppe ya III na ni ya pili ndani yake. Shika sana hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayofichua stika zilizochapwa kwa kubahatisha. Ilivurugika katika nusu ya pili ya 1944, vikosi vya kivita vilipoongezewa Staffel ya nne katika kila Gruppe, hivyo ndege ya miezi ya mwisho ya vita ihesabu kwa nne.

Kisha vyeo. Kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote ni kuchanganya cheo na wadhifa. Staffelkapitän, Gruppenkommandeur na Geschwaderkommodore (mkuu wa Staffel, wa Gruppe na wa Geschwader) ni nyadhifa, yaani kazi aliyopewa mtu. Cheo ni kile alichovaa begani. Kwa msomaji aliyezoea vyeo vya JWTZ, maafisa wanalingana hivi: Leutnant ni kama Luteni Usu, Oberleutnant ni Luteni, Hauptmann ni Kapteni, Major ni Meja, Oberstleutnant ni Luteni Kanali, Oberst ni Kanali. Chini yao, katika ngazi za koplo na sajini, walikuwepo Unteroffizier, Unterfeldwebel, Feldwebel, Oberfeldwebel na Stabsfeldwebel. Hao wa chini walikuwa marubani kamili, na wengi wao walirusha ndege za kivita bega kwa bega na maafisa.

Kwenye kola, kila cheo kilisomwa kwa mabawa madogo juu ya kitambaa cha rangi ya kikosi: njano ya dhahabu kwa wanaoruka, nyekundu kwa mizinga ya kutungua ndege, kahawia kwa mawasiliano. Feldwebel alikuwa na mabawa matatu na utepe uliozunguka kola. Leutnant, Oberleutnant na Hauptmann walikuwa na bawa moja, mawili na matatu juu ya nusu ya shada la mwaloni. Kuanzia Major shada lilifunga duara zima, na hesabu ya mabawa ikaanza upya kwenye moja. Begani, Leutnant hakuwa na nyota, Oberleutnant alikuwa na moja, Hauptmann mbili.

Vigezo vya ulinganisho

Kila mfumo tutaupima kwa mambo matano: alama zinavyosomeka, cheo cha mtu anayestahili kusimama kando yake, kazi ya mikono inayotakiwa, mahali inapoharibika, na mtu inayemfaa.

Kuna jambo moja linalozihusu ndege zote tatu. Mkiani palikuwa na Hakenkreuz, alama ya chama cha Nazi. Hadi karibu na mwanzo wa vita ilikaa katikati, ikivuka bawaba ya usukani wa mkia, kisha ikahamishiwa kwenye pezi tupu mbele ya bawaba. Sheria ya Ujerumani inazuia kuionyesha hadharani, ndiyo maana maboksi mengi hayana stika yake au huikata vipande viwili. Kuiweka au kuiacha ni uamuzi wako, lakini ukiiweka, ijue maana yake. Ilikuwa bendera ya utawala ulioua mamilioni, na modeli iliyo mezani haitenganiki na historia hiyo.

Chaguo la kwanza: ndege ya kivita ya mchana, namba na mistari

*Inavyosomeka.* Chukua Messerschmitt Bf 109 kama mfano. Mbele ya msalaba wa ubavuni pana namba, na rangi ya namba ndiyo inayotaja Staffel. Staffel ya kwanza ndani ya Gruppe (ya 1, 4 au 7) ni nyeupe, ya pili (2, 5, 8) ni nyekundu au nyeusi, ya tatu (3, 6, 9) ni njano. Ile ya nne iliyoongezwa 1944 kwa kawaida ilikuwa ya buluu. Nyuma ya msalaba ndipo Gruppe inaposomeka. Gruppe ya I haina kitu, ya II ina mstari wa kulala, ya III ina mstari wa kusimama.

Jaribu kwa ndege inayojulikana sana, "14 ya njano" ya rubani Hans-Joachim Marseille huko Libya na Misri mwaka 1942. Njano ni Staffel ya tatu. Nyuma ya msalaba hakuna mstari, kwa hiyo ni Gruppe ya I. Jibu ni 3./JG 27, na ndiko alikokuwa. Jaribu tena kwa "6 nyeusi", Bf 109 G-2 yenye namba ya kiwandani 10639, iliyotekwa Libya Novemba 1942 na kuhifadhiwa Uingereza. Ilikuwa ya 8./JG 77. Staffel ya 8 ni ya pili ndani ya Gruppe ya III, kwa hiyo rangi yake ni nyekundu au nyeusi. Hesabu inakubali.

Zipo tofauti halali, nazo ndizo zinazohitaji picha. Zamani Gruppe ya III ilitumia mstari wa mawimbi, na III./JG 52 iliendelea nao kwa muda mrefu upande wa Urusi. Erich Hartmann wa 9./JG 52 alikuwa na namba ya njano na wimbi nyuma ya msalaba. Mtu asiyejua hilo atang'oa wimbi na kuweka mstari wa kusimama, akidhani amesahihisha.

Ndege za makamanda hazikuwa na namba bali pembe za V zilizolala, ncha ikielekea puani. Pembe mbili ni za Gruppenkommandeur, pembe moja ni ya msaidizi wake wa utawala, pembe yenye duara ni ya afisa wa ufundi. Kommodore alikuwa na pembe pamoja na mistari kuzunguka msalaba. Kisha kuna nembo za kikosi: shupaza ya karata kwa JG 53, moyo wa kijani kwa JG 54. Msomaji wa Afrika atashangazwa na ile ya I./JG 27, yaani ramani ya bara letu yenye kichwa cha Mwafrika na cha mnyama wa jamii ya chui. Wengi hudhani ilibuniwa jangwani, kumbe ilikuwa puani mwa Bf 109 E juu ya Uingereza mwaka 1940, kabla Gruppe hiyo haijakanyaga Libya. Makoloni ambayo Ujerumani iliyapoteza baada ya Vita vya Kwanza, Tanganyika ikiwamo, yalikuwa bado yamechorwa kwenye ndege zake.

*Cheo cha aliyeketi ndani.* Namba ya kawaida inaweza kuwa ya yeyote, kuanzia Unteroffizier hadi Hauptmann, kwa hiyo namba haitaji cheo. Staffelkapitän naye kwa kawaida alikuwa na namba, na alikuwa Oberleutnant au Hauptmann, mara nyingine Leutnant. Pembe mbili zinakubana zaidi: hapo msimamishe Hauptmann au Major. Kwa alama za Kommodore, ni Major, Oberstleutnant au Oberst. Marseille alipanda ngazi haraka. Alifika Afrika akiwa Oberfähnrich, yaani bado mtarajiwa wa uafisa, na alipokufa tarehe 30 Septemba 1942 alikuwa Hauptmann. Ukichora bega lake, chagua kwanza mwezi unaouonyesha. Jangwani sare ya khaki kwa kawaida haikuwa na mabawa kwenye kola, kwa hiyo cheo kilisomwa begani.

*Kazi ya mikono.* Bawa hadi bawa Bf 109 G ilikuwa mita 9.92. Kwa kipimo cha 1/72 hiyo ni milimita 138, kwa 1/48 ni 207. Inakaa kwenye kiganja. Ya jangwani ina rangi mbili tu: RLM 79 (RLM ni wizara ya anga ya Ujerumani, iliyozipa rangi namba), rangi ya mchanga, juu, na RLM 78, buluu hafifu, chini. Ya Ulaya kuanzia 1941 ina tatu, 74 na 75 za kijivu juu na 76 chini, pamoja na madoa laini ubavuni. Madoa hayo ndiyo yanayotenganisha mwanafunzi na fundi. Kwa bunduki ya rangi punguza rangi, sehemu moja kwa mbili za thina, shusha presha hadi karibu baa moja, na sogea sentimita mbili tu kutoka kwenye plastiki. Jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Madoa yakitoka na miguu ya buibui, rangi ni nyepesi mno au presha ni kubwa.

Mkanda mweupe wa Mediterania, ulio nyuma ya msalaba, upake kwanza kabisa. Nyeupe, kavu siku moja, funika kwa tepu, ndipo umwage mchanga. Ukifanya kinyume, nyeupe itahitaji tabaka nne kufunika rangi ya mchanga na itaacha ukingo unaoonekana hata chini ya stika.

*Inapoharibika.* Namba na pembe hukaa mbele ya msalaba kwa pande zote mbili za ndege. Ubavu wa kushoto, namba iko kushoto kwa msalaba. Ubavu wa kulia, iko kulia, kwa sababu pua iko kulia. Mtu anayenakili upande mmoja kwenda mwingine huiweka namba mkiani. Kosa la pili ni kuchanganya nyakati, kwa mfano mkanda wa njano wa upande wa Urusi pamoja na rangi za jangwani, au mikanda ya rangi ya ulinzi wa Ujerumani (nyekundu ya JG 1, kijani ya JG 27) kwenye ndege ya 1942. La tatu ni michirizi ya ushindi kwenye usukani wa mkia, mmoja kwa kila ndege iliyotunguliwa. Ilikuwa ikiongezeka, na Marseille alirusha zaidi ya ndege moja yenye 14 ya njano. Michirizi 50 na 101 haviwezi kuwa vya siku moja.

*Inamfaa nani.* Anayetaka ndege ndogo yenye jina la mtu, picha nyingi na rangi zinazoonekana. Pia anayetaka kujifunza kusoma alama, kwa sababu hapa jibu lako unaweza kulihakiki.

Chaguo la pili: ndege ya mabomu au ya usiku, herufi nne

*Inavyosomeka.* Junkers Ju 88, Heinkel He 111, Ju 87 na ndege za usiku zilitumia msimbo wa alama nne, mbili mbele na mbili baada ya msalaba. Mbili za kwanza, herufi na tarakimu, zinataja Geschwader. A1 ni KG 53, G1 ni KG 55, 1H ni KG 26, 4D ni KG 30, D5 ni NJG 3. Alama ya tatu ni ndege yenyewe. Ya nne ni Staffel: H, K, L ni Staffel ya 1, 2, 3, M, N, P ni ya 4, 5, 6, R, S, T ni ya 7, 8, 9, U, V, W ni ya 10, 11, 12. Ofisi ya kamanda ilikuwa na herufi zake pia: A ya Geschwader nzima, B ya Gruppe ya I, C ya II, D ya III.

Sasa soma G1+FR. G1 ni KG 55. F ndiyo ndege. R ni Staffel ya 7, kwa hiyo ni Gruppe ya III, tena Staffel ya kwanza ndani yake, basi F inatakiwa iwe nyeupe. Hapo unaona uzuri wa mfumo huu. Herufi ya mwisho na rangi ya herufi ya tatu zinashuhudiana. Nyeupe, nyekundu, njano kwa mpangilio uleule wa ndege za kivita. Buluu kwa ofisi ya Geschwader, kijani kwa ofisi ya Gruppe. Stika yenye F nyekundu na R nyuma yake inakinzana yenyewe kwa yenyewe, nayo inahitaji picha ya kuitetea.

Mfano uliopo hadi leo ni Ju 88 R-1 yenye D5+EV, ndege ya usiku ambayo tarehe 9 Mei 1943 wafanyakazi wake waliitorosha hadi Dyce karibu na Aberdeen, Uskoti, ikiwa na rada yake ya Lichtenstein. D5 ni NJG 3, E ni ndege, V inaiweka katika Gruppe ya IV. Uingereza ilipata rada nzima kwa mkupuo mmoja.

*Cheo cha walioketi ndani.* Hapa si mtu mmoja. Ju 88 ilibeba wanne, He 111 watano. Na si lazima rubani awe mkubwa. Miaka ya mwanzo ya vita aliyeamuru ndege mara nyingi alikuwa mwangalizi, Beobachter, ambaye pia alilenga mabomu. Leutnant mwangalizi na Feldwebel rubani ni jozi sahihi kabisa. Anayesimamisha watu wanne wote wakiwa maafisa ameunda kikundi kigumu kukiamini. Kwenye ovaroli za kurukia cheo kilikuwa kiraka cha mkono: mabawa tu kwa ngazi za sajini, mabawa na mstari chini yake kwa maafisa.

*Kazi ya mikono.* Andaa meza kubwa. Ju 88 A-4 ilikuwa mita 20 hivi bawa hadi bawa, sawa na milimita 278 kwa 1/72, na zaidi ya 400 kwa 1/48. Rangi za juu ni kijani mbili nzito, RLM 70 na 71, zilizokatwa kwa kingo kali za pembe, na chini ni 65. Tofauti ya kijani hizo mbili ni ndogo kiasi kwamba zikikauka utafikiri umepaka moja. Ndivyo zilivyokuwa, usiipaushe moja ili ionekane. Vioo vya puani ndivyo vinavyokula muda. Kila kidirisha kinafunikwa peke yake, na jioni mbili huisha hapo bila kugusa rangi ya mwili.

Stika ni nyingi, na kila herufi hujitegemea. Bandika tepu nyembamba ubavuni iwe mstari wa chini, herufi zote zikae juu yake. Paka vanishi ya kung'aa kwanza na iache ikauke kabisa. Lowesha stika sekunde 15 kwenye maji ya uvuguvugu, iweke juu ya tishu dakika moja hadi gundi iachie, isukume kwa brashi yenye maji, kisha ikamue kutoka katikati kwenda nje. Weka dawa ya kulainisha stika na usiiguse tena. Itakunjamana, halafu itajinyoosha. Baada ya usiku mmoja futa chumvi za maji kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo upake vanishi isiyong'aa.

*Inapoharibika.* Ukiruka vanishi ya kung'aa, hewa inanaswa kwenye vinundu vya rangi kavu na stika inageuka kuwa na ukungu wa fedha. Hakuna kinachoonekana haraka kuliko huo kwenye kijani nzito. Ikitokea, itoboe kwa ncha ya sindano na uongeze dawa ya kulainisha, mara mbili au tatu.

Kosa la alama lenyewe liko upande wa kulia wa ndege. Tofauti na namba za ndege za kivita, msimbo wa herufi nne husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa pande zote mbili. Kushoto, G1 iko upande wa pua. Kulia, G1 iko upande wa mkia. Simama upande wa kulia wa modeli na uisome kama maandishi ya kawaida. Ikisomeka FR+G1, umekosea.

Kuanzia 1943 alama mbili za kwanza mara nyingi zilipunguzwa hadi karibu moja ya tano ya ukubwa wa nyingine. He 111 ya 1940 yenye G1 ndogo ni kosa la wakati. Kinyume chake, ndege ya 1944 yenye herufi nne zote kubwa ihakiki kwa picha kwanza.

Ndege za mabomu za 1940 na 1941 zilizorushwa usiku zilipakwa rangi nyeusi ya muda chini na ubavuni, ikafunika nyeupe ya misalaba na wakati mwingine msimbo wenyewe. Ilichujuka kwa mvua na kuchubuliwa kwa viatu vya mafundi. Ukiipaka, ifanye iwe na mabaka, nzito katikati ya bawa na nyepesi pale mtu anapopanda.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira na aliyekwisha kumaliza modeli tatu au nne. Pia anayependa watu kuliko ndege, maana wafanyakazi wanne wenye vyeo tofauti wanatoa hadithi ambayo rubani mmoja hawezi kuitoa.

Chaguo la tatu: msimbo wa kiwandani, Stammkennzeichen

*Inavyosomeka.* Herufi nne nyeusi, mbili kila upande wa msalaba, hakuna tarakimu, hakuna rangi. Hazitaji kikosi kabisa. Zinataja ndege yenyewe kuanzia kiwandani hadi ikabidhiwe. Ikifika kikosini hufutwa na alama za kikosi kuchukua nafasi yake. PC+UC ndiyo Messerschmitt Me 262 V3, ambayo tarehe 18 Julai 1942 ilipaa Leipheim kwa injini za jeti pekee kwa mara ya kwanza.

*Cheo.* Aliyekuwa ndani siku hiyo, Fritz Wendel, alikuwa rubani wa majaribio wa kiwanda mwenye hadhi ya Flugkapitän. Hicho si cheo cha Luftwaffe, hakina mabawa kwenye kola. Mvishe mwanasesere wako nguo za kiraia au ovaroli isiyo na kiraka.

*Kazi ya mikono.* Ni nyepesi kuliko zote. Rangi huwa chache, nembo hakuna. Kazi iko chini ya mabawa, ambako herufi zilirudiwa kwa ukubwa, mbili kwa kila bawa, msalaba ukikaa katikati yao. Zipime kwa rula kutoka ukingo wa mbele wa bawa, maana milimita moja ya kupinda huonekana ukiinyanyua modeli.

*Inapoharibika.* Me 262 V3 ilikuwa na gurudumu la mkiani. Maboksi mengi ni ya toleo la vita lenye gurudumu la puani, na ukibandika PC+UC juu yake umeunda ndege ambayo haikuwepo. Gurudumu hilo ndilo lililomlazimu Wendel agonge breki kidogo akiwa kwenye kilomita 180 hivi kwa saa, ili mkia uinuke na usukani wake upate upepo. Kosa jingine ni kuweka msimbo wa kiwandani pamoja na namba ya kikosi, vyote vikiwa vipya. Kilichoonekana kwenye picha za kweli ni mabaka ya rangi mpya palipofutwa herufi, wakati mwingine herufi ikichungulia kwa mbali chini yake. Hilo linapendeza sana ukilifanya makusudi kwenye modeli ya chaguo la kwanza au la pili.

*Inamfaa nani.* Anayependa uhandisi, na anayeanza na brashi tu bila bunduki ya rangi.

Kwa hali yako

Kama hii ni modeli yako ya kwanza na una brashi mbili tu, chukua Bf 109 ya jangwani ya 1/72 au ndege ya kiwandani yenye rangi moja juu na moja chini. Acha zenye madoa hadi ya tatu.

Kama unataka watu kando ya ndege, amua kipimo kwanza. Mtu wa mita 1.75 ni milimita 24 kwa 1/72, na hapo cheo ni nukta ya njano kwenye kola tu. Kwa 1/48 ni 36, begani kunaanza kuonekana. Kwa 1/32 ni karibu 55, na kiraka cha mkono lazima kiwe sahihi. Ukitaka ndege ya mabomu na wafanyakazi wake, 1/48 ni chaguo zuri ikiwa rafu yako ina nusu mita ya nafasi. Vinginevyo fanya 1/72 na uwaweke wakiwa wamevaa maboya ya kuokolea, yanafunika kola.

Kama huna picha ya ndege unayoitaka, una karatasi ya stika tu, kaa mbali na ndege za makamanda. Alama zao zilitofautiana mno kati ya kikosi na kikosi. Chagua msimbo wa herufi nne, kwa kuwa herufi ya nne na rangi ya ya tatu zitakuonya zisipopatana.

Kama modeli inaenda kwenye maonyesho Ujerumani, acha pezi la mkia bila Hakenkreuz na uulize waandaaji kanuni zao mapema.

Na kama boksi liko tayari mezani na stika zake zinakinzana, usilitupe. Kata herufi na namba kutoka karatasi nyingine ya kipimo kilekile. G1+FR yenye F nyekundu inakuwa sahihi ukibadilisha R kuwa S, Staffel ya 8. Stika moja ya milimita chache, na ndege imerudi mahali pake.